Dhima ya Aliyelala: Juu ya Kutembea Usingizini

Wazee wetu husema usingizi ni nduguye mauti, na katika dini neno hilo lina msingi wake, kwani Sura ya Az-Zumar yafundisha kuwa roho ya mwenye kulala imo katika mamlaka ya Mola wake kama ilivyo roho ya mwenye kufa, ila moja huzuiliwa na nyingine hurejeshwa mpaka ajali yake itakapowadia. Basi ikiwa mwenye kulala ni mtu aliyekwisha kuiweka chini hiari yake, asiweze kuuamuru mkono wala mguu, tusemeje juu ya yule ambaye, hali amelala usingizi mzito, huinuka kitandani, akaondoa komeo, akashuka ngazi, akatembea uani au njiani na macho yake yakiwa wazi, kisha akarejea kulala na asubuhi asikumbuke lolote? Mguu uliotembea ni wake, na mkono uliofungua mlango ni wake. Lakini kitendo ni cha nani? Na ikiwa katika kutembea kwake amevunja, au amejeruhi, au ameua, nani atakayeulizwa hapa duniani na kesho mbele ya Mola?

Jambo hili si nadra kama wengi wanavyodhani. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kutoa jumla yake mwaka 2016 walikuta kwamba, katika muda wa mwaka mmoja, watoto wapatao 5 katika kila 100, na watu wazima kati ya 1 na 2 katika kila 100, hutembea usingizini. Wala si jambo la zama zetu tu, kwani Galen, tabibu mkubwa wa enzi ya Warumi ambaye matabibu wa Kiislamu walivisoma vitabu vyake kwa karne nyingi wakimwita Jalinusi, aliandika kwamba yeye mwenyewe alipata kwenda njiani hali amelala, masafa ya karibu stadio moja, yaani kiasi cha mita 180, asizinduke mpaka alipojikwaa kwenye jiwe.

Mimi nilipata kuliona jambo hili kwa karibu katika nyumba ya jamaa zetu, kwa mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi. Watu walikuwa wamelala kitambo kisichofika saa mbili, na taa ya ukumbini ilikuwa imepunguzwa utambi, mtoto alipoketi ukingoni mwa kitanda akaanza kuufinyafinya upindo wa kikoi chake kwa vidole, pole pole, kama mtu anayetafuta kitu kilichoshonewa ndani yake. Kisha akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi uliokuwa pembeni, akatwaa kata, akateka maji pasipo kumwaga hata tone, akayamimina yote ndani ya kiatu cha baba yake kilichokuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakumtazama yeyote kati yetu. Bibi yake hakupiga ukelele, aliinuka, akamwekea mkono mgongoni, akamwambia kwa sauti ya chini, “Haya baba, twende tukalale.” Mtoto akajibu, “Bado hawajafika,” akakubali kuongozwa. Asubuhi alipoulizwa habari ya kiatu, aliapa kwamba si yeye, na kiapo kile kilikuwa cha mkweli, maana alieleza yote aliyokuwa nayo katika ilimu yake.

Ili tuweze kuhukumu kwa uadilifu, yatupasa kwanza tujue ni nini kinachotukia, kwani hukumu isiyotanguliwa na maarifa ni dhuluma hata ikitoka katika kinywa cha mcha Mungu. Kwa muda mrefu watu walidhani kuwa usingizi ni hali moja tangu kufumba macho hadi kufumbua, mpaka mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipotangaza kwamba kuna usingizi ambao ndani yake macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika usingizi huo aghalabu huwa na ndoto ya kusimulia. Tangu hapo ikadhihiri kwamba usingizi huenda kwa duru, kila duru yapata saa moja na nusu, mtu akishuka kutoka usingizi mwepesi hadi mzito na kisha akapanda kwenye usingizi wa ndoto, na kwamba sehemu kubwa ya usingizi mzito huangukia theluthi ya kwanza ya usiku, ilhali ndoto nyingi huangukia karibu na alfajiri. Ikadhihiri pia kwamba katika usingizi wa ndoto misuli ya mwili hulegezwa, na hiyo ni hekima kubwa ya Muumba, ili mtu asiyatende ayaotayo.

Kwa sababu hiyo dhana ya kale, kwamba mwenye kutembea usingizini anaigiza ndoto yake, ilianza kutiliwa shaka. Na mwaka 1965 Allan Jacobson, Anthony Kales na wenzao, wakiwa California, waliyapima mawimbi ya ubongo ya watu wenye tabia hii, wakaona kuwa wanainuka kutoka katika usingizi mzito kabisa, si ule wa ndoto. Miaka mitatu baadaye Roger Broughton akaeleza kuwa maradhi haya yatazamwe kuwa ni kasoro katika kuamka: mwili waitwa kuamka, lakini mwito haufiki kila mahali. Ushahidi wa jambo hilo ulikuja kuonekana wazi katika taarifa ya mwaka 2000 kutoka Uswisi, ambako matabibu waliweza kupima mwendo wa damu katika ubongo wa kijana wa miaka 16 wakati ule ule alipokuwa amesimama usingizini, wakakuta baadhi ya sehemu zinazohusika na mwendo na hisia zimeamka, na sehemu za mbele, ambazo kwazo mtu hupima, huazimu na hujizuia, zingali zimelala. Hali yake ni kama ya jahazi ambalo mabaharia wamekwisha kung'oa nanga na kutweka tanga, ilhali nahodha amelala na hapana aliyemwamsha: chombo chaenda, kamba zashikwa kwa ustadi uliozoeleka, lakini hapana safari iliyokusudiwa.

Ama sababu zake, wataalamu huzigawa katika mafungu matatu, na mgawanyo huo wafaa kutiwa akilini kwa kuwa unatuonyesha ni wapi mwanadamu ana uwezo na ni wapi hana. Fungu la kwanza ni maumbile na urithi. Katika utafiti wa Quebec, Kanada, uliowafuata watoto karibu elfu mbili tangu uchanga wao na kutangazwa mwaka 2015, ilionekana kwamba watoto ambao hakuna mzazi wao aliyewahi kutembea usingizini walipatwa na jambo hili 22 hivi katika kila 100, wenye mzazi mmoja wa namna hiyo 47, na wale ambao wazazi wote wawili walikuwa nalo 61. Na umri wa kutembea zaidi ulikuwa miaka 10, baada yake tabia ikaanza kupungua. Fungu la pili ni yale yanayouzidisha uzito wa usingizi au kuuvuruga: uchovu, kukesha na kukosa kulala kwa wakati wake, homa, mashaka ya moyo, na baadhi ya dawa. Kwa dawa za kuleta usingizi kama zolpidemu, idara ya Marekani inayosimamia dawa iliamuru mwaka 2019 liwekwe onyo lililo kali kuliko yote, kwa kuwa watu waliozimeza walipata kuinuka, wakapika na hata kuendesha gari pasipo fahamu, na baadhi yao wakafa. Fungu la tatu ni yale yanayomchokoza aliyelala wakati huo huo: kibofu kilichojaa, kelele ya ghafula, mkono wa mtu, au kukatika pumzi kwa wale wakoromao sana. Huko Montreal watafiti waliwakeshesha kwanza wenye tabia hii, kisha wakawaacha walale na kuwapigia mlio wakiwa katika kina cha usingizi, nao wakainuka mara nyingi zaidi kuliko ilivyo ada yao.

Haya ndiyo maarifa, na mbele yake zasimama dhana mbili ambazo zimewaumiza watu wengi. Dhana ya kwanza ni kwamba mwenye kutembea usingizini amepandwa na pepo, au anaitwa na jini, na kwa hiyo dawa yake ni kufukizwa, kupungwa, na pengine kuchapwa ili aliyemo atoke. Mimi ni mtu wa dini, na sikanushi ghaibu ambayo Kitabu kimeithibitisha. Lakini dini ile ile iliyotufundisha kuamini ghaibu imetufundisha tusifuate jambo tusilokuwa na ilimu nalo, na anayedai kuwa mtoto fulani, usiku fulani, ameingiwa na jini, ametoa dai linalohitaji ithibati kama dai jingine lolote. Tena tukumbuke kisa cha Watu wa Pango katika Sura ya Al-Kahf, ambao walilala miaka mingi wakigeuzwa upande huu na huu, na mwenye kuwatazama angewadhania kuwa wako macho. Wafasiri wengi wameeleza kwamba macho yao yalikuwa wazi. Hapana aliyesema kwamba wale walikuwa na pepo. Kumbe mwili kuonekana uko macho ilhali mwenyewe amelala ni jambo ambalo Mwislamu amekwisha kulisoma tangu utoto wake, wala halimpi haki ya kumpiga mtoto wa watu.

Dhana ya pili yatoka kwa wasomi, nayo ni kwamba mtu atembeaye usingizini anatoa siri ya dhambi yake. Wengi wameipata katika tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, ambayo Samuel Mushi aliitia katika Kiswahili, ambamo bibi aliyeshiriki kumuua mfalme huinuka usiku na kuisugua mikono yake kana kwamba ingali ina damu, na tabibu aliyeitwa kumtazama akakiri kuwa maradhi hayo yanamhitaji mtu wa Mungu kuliko mganga. Ni onyesho lenye nguvu, na kwa mtu mmoja aliyetenda alilotenda linaaminika; lakini kulifanya kuwa kanuni kwa watu wote ni kosa. Maana kama kutembea usingizini kungekuwa ni dalili ya dhamiri iliyochafuka, basi wazee wenye historia ndefu ya makosa wangetembea kuliko wote; na tumekwisha kuona kwamba watembeao zaidi ni watoto wa miaka kumi, ambao kalamu ya kuandika dhambi haijaanza kuwaandikia.

Wanafalsafa nao wameligusa suala hili kwa njia tofauti. Plato, katika kitabu cha tisa cha Jamhuri, alisema kuwa ndani ya kila mtu mna mnyama ambaye huamka wakati akili imelala, na kwamba katika usingizi ndipo matamanio yasiyo na sheria hujitokeza. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyaona hayo hayo ndani ya nafsi yake. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo alimlalamikia Mola wake kwamba picha alizoweza kuzishinda akiwa macho zilimshinda alipolala, akauliza kwa huzuni iwapo wakati ule hakuwa yeye, kisha akapata faraja kwa kuwa anapoamka dhamiri yake imetulia, akijua kwamba jambo limefanyika ndani yake bila ya yeye kulifanya. John Locke wa Uingereza, katika chapa ya pili ya kitabu chake juu ya fahamu ya mwanadamu, ya mwaka 1694, akaenda mbali zaidi: alisema kuwa mtu ni yule yule maadamu fahamu yake ni ile ile, na kwamba ikiwa Socrates aliyelala na Socrates aliye macho hawashiriki fahamu moja, basi kumwadhibu huyu kwa fikira za yule ni sawa na kumwadhibu pacha mmoja kwa alilolifanya mwenzake.

Kila mmoja wao amesema neno la haki, na kila mmoja amebakisha pengo. Plato ametuonya tusijivunie wema wetu, lakini akiachiwa peke yake atatufanya tumhukumu mtu kwa yale asiyoyataka. Agostino amepambanua kwa uzuri kati ya lililofanyika ndani ya mtu na lililofanywa na mtu, lakini neno lake ni toba ya mja mbele ya Mola wake, halikukusudiwa kuamua baina ya jirani na jirani. Locke amemwokoa aliyelala na adhabu, lakini amemgawa mtu mmoja kuwa wawili, na katika mgawanyo huo aliyedhurika hana pa kwenda: akimdai aliye macho ataambiwa kuwa si yeye, na akimtafuta aliyelala hatamwona tena mpaka usiku.

Nionavyo mimi, mafakihi walilitatua jambo hili kwa busara iliyo pana zaidi, wala hawakulitatua kwa kukaa na kubuni nadharia, bali kwa kuamua mambo madogo madogo ya watu, moja baada ya jingine. Msingi wao ni hadithi mashuhuri isemayo kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka arejewe na akili. Kwa hiyo akitamka talaka usingizini, talaka haikupita, akiuza, hakuuza, akikufuru, hakukufuru, na aliyefunga Ramadhani akiota mchana, saumu yake ni sahihi. Lakini tazama jinsi kuinuliwa kwa kalamu kusivyofuta kila kitu. Aliyeota akatokwa na manii hana dhambi, na hata hivyo lazima aoge. Aliyepitiwa na Sala hana dhambi, na hata hivyo lazima aisali akiamka. Aliyeharibu mali ya mtu usingizini hana dhambi, na hata hivyo lazima alipe, na hata kiatu kilichotiwa maji na mtoto, lau kingekuwa cha jirani, kingelipwa katika mali ya mtoto yule. Na mama aliyegeuka usingizini akamlalia mwanawe mchanga akafa, msiba ulioelezwa katika vitabu vya fikihi kwa sababu kweli ulikuwa ukitokea, hana dhambi ya kuua wala hakisasiwi. Lakini kitendo chake kimehesabiwa katika hukumu ya kuua kwa kukosea, yaani diya yachukuliwa na akila, jamaa zake wa upande wa baba, na juu yake mwenyewe iko kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo.

Hapa ndipo ilipo hekima ninayotaka msomaji aizingatie. Fikihi imeitenga dhambi mbali na dhamana. Dhambi hufuata nia, na aliyelala hana nia; dhamana hufuata haki ya mwingine, na haki ya mwingine hailali. Tena katika msiba mzito kuliko yote mzigo haukutupwa juu ya kichwa cha mtu mmoja, bali umegawanywa kwa jamaa, kwa kuwa jambo lililotukia pasipo mtu kulitaka ni balaa la wote; na mkosaji asiye na kosa amepewa ibada ya kufanya, ili moyo wake, ambao utamsumbua hata kama hapana amlaumuye, upate njia ya kutulia.

Mahakama za nchi nyingine zimehangaika sana kwa kukosa mgawanyo huo. Mwaka 1878, katika Uskochi, baba mmoja wa Glasgow alishitakiwa kwa kumuua mwanawe mchanga usiku, akiamini katika usingizi wake kwamba anapigana na mnyama aliyeingia nyumbani. Baraza likaona kuwa hakuwa na fahamu ya alilotenda, na akaachiliwa kwa ahadi kwamba tangu siku hiyo atalala chumbani peke yake. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimhesabu mtu aliyempiga rafiki yake usingizini kuwa katika hukumu ya wenye wazimu, hata akawekwa hospitalini chini ya ulinzi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Kanada ilithibitisha kuachiliwa kabisa kwa kijana ambaye mwaka 1987 aliondoka nyumbani usiku, akaendesha gari kiasi cha kilomita 23, akamuua mama mkwe wake na kumjeruhi baba mkwe, mahakama ikiridhika kuwa alikuwa amelala na kwamba hakuwa mwenye wazimu. Katika hukumu hizi tatu mimi naiona ile ya Glasgow kuwa ndiyo iliyokaribia haki zaidi, kwa kuwa haikumwita mgonjwa mwuaji, wala haikumwacha aende zake kana kwamba halikutukia neno; ilimtaka aliye macho aahidi kwa ajili ya aliyelala.

Na ahadi hiyo ndiyo roho ya jambo. Dini haikungoja mpaka mtu alale ndipo impe hukumu, ilimwendea kabla. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, mwenye kulala juu ya paa la nyumba lisilo na ukingo amekwisha kuiondoa dhima juu yake. Kana kwamba ameambiwa kwamba akianguka asimtafute wa kumlaumu. Katika hadithi nyingine tumeamrishwa kuzima taa, kufunga milango na kufunika vyombo kabla ya kulala. Na katika safari ya kurejea kutoka Khaybar, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotaka kupumzika na maswahaba wake, alimweka Bilal awakeshee alfajiri. Bilal akaegemea mnyama wake, usingizi ukamchukua naye, wasiamke ila kwa joto la jua. Mtume hakumkemea, bali aliwaamuru wasogee mbele kidogo, kisha wakasali. Nao wakafundishwa kwamba uzembe hauko katika kulala, bali uko katika kuwa macho. Wale hawakuwa na lawama kwa sababu walikuwa wameweka mlinzi. Usingizi uliwashinda baada ya wao kufanya wajibu wao, si kabla.

Basi jibu langu ni kwamba kitendo cha atembeaye usingizini si chake kwa upande wa dhambi, lakini yeye ndiye mlinzi wa kwanza wa mwili wake kabla haujalala, na huulizwa juu ya ulinzi huo. Asiyejua kuwa ana tabia hii hana neno. Aliyekwisha kuambiwa na watu wa nyumbani mwake, kisha akalala ghorofani na dirisha wazi, au akaacha silaha karibu na kitanda, au akakesha usiku kucha kwa anasa hali anajua kuwa uchovu humwinua, huyo uzembe wake umetokea alipokuwa macho, na hapo kalamu ilikuwa juu yake. Wajibu wake si mgumu: alale mapema na ashibe usingizi, aende haja kabla ya kulala, alale chini kuliko juu, komeo na ufunguo viwe mahali asipopazoea, kisima cha uani kifunikwe, na akikoroma mpaka pumzi zikakatika, au akiinuka mara nyingi, au akianza kuinuka ukubwani, amwendee tabibu. Mwanamume mtu mzima, hasa aliyepita miaka 50, anayepiga ngumi na kupiga kelele karibu na alfajiri akiigiza ndoto zake, ana maradhi mengine kabisa, yaliyoelezwa Marekani mwaka 1986, ambayo pengine hutangulia maradhi ya kutetemeka mwili ya Parkinson. Huyo asikawie kuonwa.

Na juu ya wajibu wa mwenye kulala kuna wajibu wa walio macho. Si kweli kwamba mtu akiamshwa katika hali hii hufa. Hupatwa na fadhaa tu, na akishikwa kwa nguvu huweza kumpiga amshikaye asimtambue. Lililo bora ni kumwongoza kwa upole arudi kitandani, na kuondoa kila kitu cha kumdhuru njiani mwake. Mtoto anayeinuka karibu saa ile ile kila usiku, mzazi amwamshe kwa muda mfupi robo saa au nusu saa kabla ya wakati wake, kwa siku kadhaa. Njia hiyo imewasaidia wengi. Zaidi ya hayo, asichekwe. Nimewahurumia sana watoto wa mabwenini ambao, baada ya usiku mmoja wa kuzurura pasipo kujua, huitwa wachawi na wenzao, wakakaa miaka mizima wakiogopa kulala. Na kuogopa kulala kwenyewe huwanyima usingizi, na kunyimwa usingizi huwainua tena. Mwalimu mkuu anayempa mtoto kama huyo kitanda cha chini karibu na mlinzi, mzazi anayekataa mwanawe apigwe kwa jina la pepo, na kadhi au hakimu anayeipima haki ya aliyedhurika bila ya kumpachika dhambi asiye nayo, hao wote watatu wametimiza amana moja, kwani aliyelala hawezi kujitetea, na kwa muda ule wote heshima yake na salama yake ziko mikononi mwa walio macho.